Jetoni ya franka 500: komine ni ya nani?

Maneno yenye mumoja wetu alisema mbele ya wakaaji wa komine yetu ya kijijini, huku kaskazini ya Kivu ya Kaskazini, kisha soko. Watu mingi walituomba tuyaandike. Tunayaandika ginsi aliyasema.





Aksanti kwa kukuja. Najua siku ya soko mutu anarudi amechoka, mugongo unauma, na watoto wanangoja bugali. Hatutakawia. Aksanti pia kwa baba shefu wa kartie mwenye alituachia hii kiwanja. Alituomba jambo moja tu: tusitukane mutu. Baba shefu, tulikubali na tutashika neno letu. Leo hatutukane mutu. Leo tunahesabu tu.

Nitaanza na mama yangu. Mingi wenu munamujua, anauzisha unga wa muhogo pale chini, karibu na wauza makala. Kila siku ya soko kijana wa kodi anapita na kaye yake. Mama anatoa franka 500. Wakati fulani anapewa jetoni, wakati fulani hapewi. Siku moja mvua ilinyesha saa ya nane. Munajua soko yetu: hangari haina mabati upande ule. Mama akafunika unga na kitenge chake, yeye mwenyewe akalowana. Unga ukalowana pia. Siku ile alirudi nyumbani na kilo sita za kitu chenye hakuna mutu atanunua.

Soko yenye ilifuata, kijana wa kodi akapita. Mama akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, hii pesa tunatoaka inaendaka wapi? Na leo unipe karatasi." Kijana akamwangalia, akasema: "Mama, weye pia unataka kufanya politike?"

Wandugu, hilo neno ndilo limenisimamisha hapa. Mama wa miaka sitini anaomba karatasi ya franka zake, wanamwambia anafanya politike. Na yeye, sababu ya woga, alijibu nini? Alisema: "Hapana, mwanangu, unisamehe." Yeye ndiye aliomba musamaha! Mutu mwenye alilipa ndiye aliomba musamaha!

Simulaumu sana yule kijana. Yeye naye anatumwa, na pengine hata mushahara hapati, anakula kwa ile yenye inabakia mukononi. Lakini swali la mama lilikuwa swali nzuri, na mupaka leo halijapata jibu. Basi leo tuliulize sisi wote, kwa sauti moja: hii pesa inaendaka wapi, na komine ni ya nani?

Kwanza tujue komine ni nini.

Watu mingi wanafikiri komine ni ile nyumba yenye bendera. Wengine wanafikiri komine ni burugumesta. Mutu anasema, "Naenda kwa burugumesta", kama vile anaenda nyumbani kwa mutu. Hapana. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungo cha 3, inasema jimbo, muji mukubwa, komine, sekta na sheferi ni vitu vyenye kusimama vyenyewe mbele ya sheria. Maana yake, komine inaweza kuwa na mali yake, pesa yake, watumishi wake. Inajiongoza yenyewe. Teritwari haiko hivyo. Administratere wa teritwari ni mutumishi wa serikali ya juu, anatumwa. Groupema na kartie pia haviko hivyo. Lakini komine, sheria inasema, ni chombo cha wakaaji wake.

Kisha kukuja sheria ya 7 Oktoba 2008, namba 08/016. Hiyo ndiyo inaeleza komine inaongozwa namna gani. Inasema komine iko na viungo viwili. Cha kwanza ni baraza la komine, wajumbe wenye wananchi wenyewe wanachagua kwa kura. Cha pili ni wale wenye kutenda kazi: burugumesta, musaidizi wake, na waeshevini wawili. Na sikilizeni vizuri: kufuatana na ile sheria, burugumesta anachaguliwa na baraza. Baraza ndilo linakata shauri juu ya bajeti, na baraza ndilo linamuuliza burugumesta: "Ulifanya nini na pesa?"

Na kazi ya komine ni gani? Si mambo ya mbinguni. Ni soko. Ni njia ndogo ndogo za muji. Ni mifereji ya maji ya mvua. Ni usafi. Ni kuandika watoto wenye wanazaliwa na watu wenye wanakufa. Kumbe hangari ya mama wa unga si kazi ya raisi wa inchi. Ni kazi ya komine. Tusingoje mutu atoke Kinshasa kuja kupigilia mabati yetu.

Sasa ninyi wenyewe mutazame. Baraza letu liko wapi? Mutu mumoja anyoshe mukono mwenye alikwisha kupiga kura ya mujumbe wa komine hapa kwetu.

Naona hakuna mukono. Hata kwa wazee.

Inchi yetu ilichagua mwaka 2006, ikachagua mwaka 2011, ikachagua mwaka 2018. Mara zote hizo inchi ilipiga kura ya raisi na ya wabunge, lakini ya komine hapana. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, watu fulani walichagua wajumbe wa komine, lakini ilikuwa katika miji mikubwa. Komine za kijijini kama yetu zilibaki nje. Sisi tulipewa jina la komine, tukapewa na kodi za komine, lakini baraza hatukupewa. Ni kama kumupa mutu nyumba yenye mulango, lakini ufunguo unabaki kwa jirani.

Na juu ya hayo, tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu pamoja na Ituri yaliwekwa chini ya eta de sieje. Kazi za wakubwa wa kiraia zikapewa waaskari na polisi. Walisema ni kwa ajili ya kumaliza vita. Mimi leo sitaingia katika hesabu ya vita. Kila mutu hapa iko na makaburi yake, na hesabu hiyo munaijua kunipita. Nasema tu: hata mbele ya eta de sieje hatukuwa na baraza, na chini yake hatuna. Burugumesta mwenye ametumwa na mukubwa wake anaangalia juu, kwa yule mwenye alimutuma. Haangalie chini, kwa yule mwenye anamulipa. Si juu ya moyo mubaya. Hata mimi, kama ningetumwa vile, ningeangalia juu.

Wazee wetu wanajua kama komine haikuwa kitu kidogo katika inchi hii. Desemba 1957, wakati wa Wabelgiji, kura ya kwanza yenye Wakongo walipiga katika miji haikuwa ya raisi wala ya bunge. Ilikuwa ya komine: kule Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Wamama hawakuruhusiwa kupiga kura, na hilo lilikuwa kosa. Lakini kwa ile kura Joseph Kasa-Vubu akawa burugumesta wa Dendale, ile komine ya Kinshasa yenye leo inaitwa kwa jina lake. Kisha miaka miwili na nusu tukapata uhuru, na yule burugumesta akawa raisi wa kwanza wa inchi. Basi mutu asituambie kama mambo ya komine ni madogo. Uhuru wa Kongo ulipitia kwa mulango wa komine.

Sasa tuhesabu, ginsi nilisema.

Tuchukue mufano. Sisemi hii ndiyo hesabu ya kweli ya soko yetu, maana hiyo hakuna mutu alikwisha kutuonyesha. Ni mufano tu. Tuseme kuko meza 300. Kila meza inatoa franka 500. Siku moja ya soko inaleta franka 150.000. Soko ni mara mbili kwa juma: franka 300.000. Mwaka uko na majuma 52: franka milioni 15 na laki sita. Hapo bado hatujahesabu maduka, bado hatujahesabu watu wa moto, bado hatujahesabu magari yenye kupakia mbao na kakao, bado hatujahesabu mbuzi na ngombe.

Milioni 15 zinaweza kununua mabati ngapi? Wenye kujua kujenga wako hapa, watuambie. Mimi najua tu kama zinapita yale mabati yenye yalianguka.

Lakini tuwe watu wa haki. Tuhesabu na upande wa burugumesta pia. Katiba, kifungo cha 175, inasema katika mapato ya taifa, 40% ni ya majimbo, na majimbo yanapashwa kukata sehemu yao palepale pesa inaingia. Ile sheria ya 2008 inaongeza, kifungo cha 115: katika hiyo sehemu ya jimbo, 40% ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Basi kwa kila franka 100, jimbo linapata 40, na katika hizo 40, franka 16 zinapashwa kushuka mupaka kwa watu wa chini kama sisi. Hiyo ndiyo wakubwa wanaita retrosesio.

Ile kukata palepale haijafanyika ginsi Katiba inasema. Pesa yote inapanda Kinshasa kwanza, kisha jimbo linangoja, kisha komine inangoja jimbo. Kwa hiyo, wakati burugumesta anasema, "Sina pesa, hawajanitumia", pengine anasema kweli. Lakini hiyo kweli ndiyo tunaomba aiandike. Aandike: tulingoja ngapi, tulipata ngapi, lini. Kama wakubwa wa juu ndio wanamunyima, sisi wakaaji tutakuwa upande wake, tutapiga kelele naye pamoja. Lakini hatuwezi kumusaidia mutu mwenye anaficha kaye.

Na sasa tufike pagumu. Pagumu ni kwetu sisi wenyewe.

Wamama, munisamehe, nitasema siri ya soko. Takse ni franka 500 na jetoni. Lakini kuko njia ingine. Unamupa kijana franka 200, yeye haandike, hakupe jetoni, anapita. Wewe umeokoa 300, yeye amekula 200, komine haikuona kitu. Nani hapa hajafanya vile? Mimi nilifanya. Nilikuwa na kameza kadogo ka kuuza miti ya telefone, nilifanya vile karibu mwaka muzima, na nilijiona mwenye akili.

Musicheke sana, sababu hesabu inatucheka sisi. Siku tunalipa 200 bila jetoni, tunamufundisha yule kijana kuiba, na tunajinyanganya kinywa cha kuuliza. Utaulizaje pesa yako ilienda wapi, na wewe hauna karatasi ya kuonyesha kama uliitoa? Mwizi wa jetoni iko na mikono mbili: moja ni ya mwenye kupokea, ingine ni yetu.

Na sisi vijana wa mwendo huu pia tulikosa. Munakumbuka ile siku tulifunga barabara juu ya daraja. Tuliweka mawe na miti, tukaimba. Tuliapa hakuna gari litapita mupaka daraja litengenezwe. Saa ya tano moto moja ikafika, imebeba mama na mutoto mwenye homa kali. Tulibishana dakika ngapi mbele ya kumufungulia? Dakika nyingi kupita inavyofaa. Mutoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mimi niliona macho ya yule mama, na sikuwa na neno la kumwambia. Jioni waaskari wakaja, tukakimbia, mawe yakatolewa. Daraja ni lile lile mupaka leo.

Tulipokaa chini kujiuliza, tuliona kosa letu. Tulipiga kelele "Tunataka daraja!", lakini hatukuandika tunaomba kwa nani. Hatukujua kama daraja lile ni la komine ao la jimbo ao la taifa. Hatukuuliza bajeti. Tulimufungia njia mama mwenye mutoto mugonjwa, na yule mwenye biro hakusikia kitu, sababu yeye siku ile hakupita pale. Tangu siku ile tuliapa: sisi ni watu wasio na jiwe mukononi. Nguvu yetu ni hesabu, ni karatasi, ni watu wengi wenye kusimama fasi moja bila vurugu.

Basi tunawaletea shauri. Liko na mambo matatu, na hakuna moja lenye kuhitaji pesa mingi.

La kwanza: jetoni. Kuanzia soko yenye kukuja, hakuna mutu atoe franka bila kupokea jetoni. Na hakuna mutu alipe 200 ya siri. Tunalipa 500 yote, na tunapokea karatasi. Tusikatae kodi. Wengine walituambia tukatae, tukasema hapana. Katiba kifungo cha 65 kinasema kulipa kodi ni lazima ya kila Mukongo, na kifungo cha 174 kinasema hakuna kodi isiyotoka kwa sheria. Mambo mawili yanatembea pamoja: mimi nina lazima ya kulipa, na wewe una lazima ya kunionyesha sheria. Jetoni yako usiitupe, usifungie karanga. Uitie katika mufuko. Kila mwisho wa mwezi, kila musururu wa soko, wa unga, wa samaki, wa makala, wa nguo, utaleta jetoni zake.

La pili: kuhesabu. Tumepata vijana kumi na wawili, wasichana sita na wavulana sita, wenye watahesabu meza kila siku ya soko kwa muda wa miezi mitatu. Watakuwa na kaye. Hawatagombana na mutu. Wakiulizwa, watajibu: "Tunahesabu meza." Kuhesabu meza si kosa katika sheria yoyote ya inchi hii.

La tatu ndilo kubwa. Katiba kifungo cha 27 kinasema kila Mukongo, akiwa peke yake ao pamoja na wenzake, ana haki ya kuandikia mukubwa wa serikali barua ya kuomba, ile wanaita petisio. Na mukubwa anapashwa kuijibu katika miezi mitatu. Si kama akipenda, anapashwa. Na kinaendelea kusema hakuna mutu atashitakiwa kwa sababu aliandika barua ya namna hiyo.

Barua tumekwisha kuitayarisha. Iko na maswali mane tu. Moja: kwa mwaka uliopita, soko ililetea komine pesa ngapi? Mbili: zilitumiwa kwa kazi gani, na nani alikata shauri? Tatu: retrosesio yenye komine ilipata ni ngapi, na yenye haikupata ni ngapi? Nne: bajeti ya mwaka huu ibandikwe kwenye ukuta wa biro ya komine na kwenye soko, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na hangari ya soko iwe ndani. Ni hayo tu. Hakuna tusi, hakuna "atoke". Kopi zitaenda kwa administratere wa teritwari na kwa gavana, ili mutu asiseme hakujua.

Jana muzee mumoja aliniuliza swali lenye lilinizuia kulala. Alisema: "Mwanangu, watu wanachinjwa katika mashamba, na wewe unatusemesha jetoni? Usalama kwanza."

Baba, nakuheshimu, na najua ulizika nani. Lakini nifikirie na wewe. Mukulima akiona nyayo asizozijua katika shamba lake la kakao, atakimbilia kumwambia nani? Akiwa anamwamini mukubwa wa komine, atamwambia usiku uleule. Akiwa hamwamini, atanyamaza, atafunga mizigo, atakimbia na watoto wake. Ile kunyamaza ndiyo inatuua. Raia mwenye aliogopeshwa juu ya swali la franka 500 hataamini kupeleka habari ya watu wenye silaha. Kuaminiana kunaanza na vitu vidogo. Na wandugu zetu wenye walikimbia vita, wenye tunakaa nao hapa, wanakunywa maji kwa robine ileile, watoto wao wanakaa darasa moja na wetu. Komine ikikufa, wao ndio wanaumia wa kwanza.

Mwingine ataniuliza: "Hawatatufunga?" Sitawadanganya. Kifungo cha 27 ni kizuri, lakini kifungo hakiwezi kufungua mulango wa kasho peke yake. Vijana wa inchi hii walifungwa juu ya mambo madogo kuliko haya. Ndiyo maana hatutaki barua yenye sinyature ya watu kumi. Watu kumi wanaingia katika gari moja. Watu elfu moja, na ndani yao wamama wa soko, na mapadri, na wapasta, na masheki, na walimu, na watu wa moto, hao hakuna gari ya kuwaweka. Mutu akiogopa kusinya, tusimucheke. Alete tu jetoni yake. Hiyo pia ni sinyature.

Na kisha miezi mitatu? Kama jibu limekuja, tutalisoma hapahapa, mbele yenu, hata kama ni lenye kutuaibisha. Pengine tutakuta burugumesta alifanya kazi kupita vile tulifikiri. Tutasema hivyo wazi, na tutamushukuru. Kama jibu halikukuja, tutarudi hapa kukata shauri pamoja. Tukitaka kutembea kwa amani mupaka kwenye biro, kifungo cha 26 kinatuomba kumujulisha mukubwa kwa maandishi, na tutamujulisha. Hatutafunga barabara. Hilo niliapa, na ninaapa tena mbele ya yule mama, kama iko hapa.

Na siku ingine, pengine karibu, pengine mbali, watatuletea kura ya wajumbe wa komine. Siku ile wakandideti watakuja na chumvi na sabuni na vitenge. Nani atajua kuchagua? Ni yule mwenye alikwisha kuhesabu. Mutu mwenye anajua soko inaingiza ngapi hataweza kununuliwa kwa sabuni moja. Hii miezi mitatu ni masomo yetu ya ile siku.

Namaliza.

Asubuhi nilimwambia mama kama nitasema habari zake hapa. Alikaa kimya, kisha akasema: "Usitaje jina langu." Nikasema sawa. Kisha akaenda katika chumba, akarudi na kikopo cha maziwa. Ndani yake kulikuwa jetoni zote zenye alikwisha kupewa, karibu miaka mitano, zingine panya ilikula pembe. Alikuwa anaziweka. Hakuna mutu alimwambia aziweke. Aliniambia: "Nilifikiri siku moja mutu atauliza."

Wandugu, kikopo ni hiki. Tumekwisha kuuliza. Kaye ya kusinya iko pale juu ya meza, chini ya avoka, na kalamu ziko mbili. Wenye hawajui kuandika, wino wa kidole uko. Wamama wapite wa kwanza, sababu watoto wanangoja bugali.

Komine si ya burugumesta. Komine si yetu sisi vijana. Komine ni ya kila mwenye alilipa jetoni.